Mama na Swichi ya Waipa

Leo nimefungua paketi ya swichi ya gari, na ile harufu ya plastiki na grisi imenirudisha nyumbani Njombe, asubuhi moja ya mvua, enzi hizo naogopa hata kugusa honi.

Waipa za pikapu yetu ziligoma, indiketa nayo haiwaki. Viazi vilishapakiwa, na Fuso, lori la mnunuzi, lingeondoka Makambako mchana. Siku zote aliyeendesha ni baba. Ila mama alikuwa na swichi ya mtumba, ile moja inayoendesha waipa na indiketa, aliyoificha kabatini, basi akachomoa waya wa betri, akajikunja chini ya usukani na bisibisi.

Baba akaja na kikombe cha chai. "Mama watoto, hilo si sufuria. Tumsubiri fundi kesho."

"Kesho hivyo viazi utamuuzia nani? Nishikie tochi."

Baba akashika. Vidole vya mama vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, akawa anavipulizia, halafu anarudi kwenye skrubu. Mfuniko ukatoka, swichi mbovu ikatoka, ile nyingine ikaingia na mlio mdogo. Mimi nilishachoka kusubiri, kila saa nauliza, "Tayari?"

Akarudisha waya, akawasha. Waipa zikafagia kioo chote, na indiketa ikaanza kulikonyeza geti.

Baba akamwaga chai iliyobaki, akazunguka upande wa abiria, akapanda, akafunga mkanda.

"Haya twende," akasema, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunamchelewesha. "Fuso halisubiri mtu."