Siku Niliyotangaza Meno

Wengi wenu mnanijua kama mtu mpole, yule ambaye kwenye arusi akiombwa aseme mawili matatu anasimama, anasema asanteni, anakaa, na mnadhani ni unyenyekevu, lakini leo wacha niseme ukweli: si unyenyekevu, ni aibu, aibu niliyojitafutia mwenyewe mchana peupe, Jumatatu ya Pasaka, mbele ya umati wa watu, nikiwa na akili zangu timamu na hata sijaonja pombe (afadhali ningekuwa nimelewa, ningekuwa na cha kusingizia).

Ilikuwa ile miaka ambayo redio za FM zilikuwa zinachipuka kila kukicha na kila kijana mwenye koo Nairobi alijiona mtangazaji. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye bustani moja ya bembea upande wa Waiyaki Way, ukishapita njia ya kuingia Loresho, na jina lake nitaliweka mfukoni kwa sababu hawakunikosea kitu, mimi ndiye niliwakosea. Tulikuwa na vigari vya kugongana, treni ya watoto, na ile mashine kubwa iliyowavuta watu kutoka kila pembe, tuliyoiita Meli, chombo kirefu chekundu ambacho watu wanakaa wakitazamana kisha kinaanza kuyumba mbele na nyuma, juu na juu zaidi, mpaka mtu aliyejifanya shujaa anaanza kukumbuka dhambi zake. Sasa Meli haikuwa inatikisa watu tu, ilikuwa inawakung'uta. Chini yake tuliokota simu, funguo, viatu vya mguu mmoja, miwani, wigi, hereni, na mara moja Biblia (huyo aliyepanda na Biblia nadhani alijua anachofanya).

Vitu hivyo vilipelekwa kwa dirisha dogo karibu na lango, na hapo kwa kawaida alikaa dada anaitwa Nduta, mtu makini sana, ambaye wikendi hiyo alikuwa ameenda kwao kwa arusi ya dadake. Nikawekwa mimi. Msimamizi wetu, Madam Wairimu, mama mfupi ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini, alinipa sheria moja tu, akairudia kama anayeongea na mtoto wa nasari: kitu kikipatikana, usitangaze ni nini. Sema tu kuna kitu kimeokotwa, aliyepoteza aje dirishani, na akifika aeleze mwenyewe kinavyofanana, ndiyo umpe. Sababu yake ilikuwa nzuri, kwamba kuna siku mtu alitangaza simu ya rangi ya fedha na nusu ya bustani ikapiga foleni.

Nikasema sawa, madam. Lakini shida ni kwamba kwenye hilo dirisha kulikuwa na kipaza sauti.

Inabidi mnielewe. Mimi nilikuwa nimeambiwa tangu shule ya upili kwamba nina sauti. Kwaya ya kanisa walinipa sehemu za kuimba peke yangu. Nilikuwa nimerekodi kanda ya sauti yangu nikisoma habari za uongo na hali ya hewa ya miji ambayo sijawahi kufika, nikaipeleka kwa stesheni mbili za redio katikati ya mji, wakasema watanipigia (bado nasubiri). Kwa hivyo kuniweka mimi karibu na kipaza sauti ilikuwa kama kumwachia paka aangalie maziwa.

Na siku hiyo, juu ya hayo yote, mama mkwe alikuwepo.

Mama mzaa mke wangu alikuwa ametoka nyumbani, upande wa Kakamega, kuja kumwona mjukuu wake Sharon kwa mara ya kwanza. Alifikia kwetu Woodley, pale tulipokuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu. Wale mnaotoka magharibi mnajua mama mkwe ni nani. Hukai naye meza moja, hucheki naye ovyo, unamsalimia ukiwa umeinama kidogo kama mtu aliyeangusha sindano. Alikuwa mama mnene kiasi, mtaratibu, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao, na alikuwa na tabasamu zuri sana la meno meupe yaliyopangika. Nilikuwa nataka aende nyumbani akaseme mkwe wake si mchezo, ana kazi ya maana Nairobi, kwa hivyo nikawaombea nafasi ya kuingia bure, yeye na mke wangu na mtoto, na asubuhi hiyo hiyo, kabla sijapelekwa dirishani, ni mimi niliyesisitiza apande Meli. Alikataa. Nikamwambia mke wangu amsihi. Akapanda, amejifunga leso vizuri, na akiwa kule juu alipiga kelele kama watu wote, mdomo wazi, na mimi chini napiga makofi nikiona nimemfurahisha mkwe.

Aliposhuka alikuwa ameziba mdomo na leso. Mke wangu akasema mama anasikia kizunguzungu, anaomba aelekezwe choo. Nikaelekeza kwa mkono, nikaenda dirishani kuanza shifti, na sikumfikiria tena.

Baada ya muda Odhiambo, aliyekuwa anaendesha Meli, akaja na kitu amekifunga kwa tishu. Alikishika kwa vidole viwili. Nikafungua, na ndani kulikuwa na meno. Meno ya bandia, ya mbele, yameshikiliwa na kipande cha waridi kama ufizi, na waya pembeni. Odhiambo alikuwa anacheka mpaka anashikilia mlango, mimi pia nikacheka, na hapo hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioharibu maisha yangu. Ningesema tu kuna kitu kimeokotwa. Maneno machache, basi. Lakini nikawaangalia watu wote pale nje, familia zimekaa kwenye nyasi na chapati zao, watoto wa Lavington na yaya zao, vijana wa makanisa, wote bila mtangazaji, nikaona itakuwa ni kulinyima taifa sauti yangu.

Nikabonyeza kitufe. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya kanda, "Mgeni wetu mpendwa, kama leo ukitabasamu unasikia baridi, tafadhali pitia dirishani. Tabasamu lako limeshuka kutoka Melini kabla yako."

Bustani yote ikacheka. Jamani, mimi sikuwa nimewahi kuchekesha watu wengi hivyo. Kicheko kilikuja kama upepo kutoka kule kwa vigari mpaka huku langoni, na nikahisi kabisa kwamba zile stesheni mbili zilikuwa zimefanya makosa makubwa.

Hakuna aliyekuja. Nikangoja kidogo, nikatangaza tena, safari hii nikaongeza kwamba nyama choma iko tayari kule jikoni na kuna mtu atailamba tu. Wakacheka zaidi. Kuna wazee waliokuwa wamekaa karibu wakaanza kuchunguzana midomo, wakisukumana mabega. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameshika shavu kwa maumivu ya jino ilibidi afungue kinywa kuwaonyesha wenzake kwamba yake yako yote. (Huyo baadaye alinitumia soda, alikuwa amefurahi sana, na sikuweza kuinywa.)

Mke wangu aliniambia baadaye kwamba nilipotangaza mara ya kwanza, mama yake alikuwa ameshatoka chooni na alikuwa anatembea kuja dirishani. Alikuwa amepanga amwombe mtu wa dirisha pole pole, amweleze, arudishiwe, mambo yaishe bila mtu kujua, hata bintiye, kwa sababu meno hayo hata bintiye hakuyajua. Akasikia sauti yangu. Akasikia kicheko. Akageuka akarudi chooni.

Mimi huko dirishani nimenoga. Mara ya tatu nikaona watu wanasubiri, wengine wamegeuza viti kabisa kunielekea, nikaona siwezi kuwaangusha. Nikasema, "Kwa kuwa mwenyewe ameona haya, sasa nitatoka mimi na haya meno, nitapita meza kwa meza, na kila mtu ataniambia 'chizi' kama anayepigwa picha, nikiwa nimesimama mbele yake."

Nilikuwa bado nacheka na mzaha wangu mwenyewe nilipoona leso ninayoijua inakuja. Leso ya manjano na kahawia. Watu walikuwa wanampisha kwa heshima kwa sababu alikuwa mama mtu mzima, na alitembea bila haraka, mkono mmoja umeshika upindo wa leso mdomoni, macho yananitazama mimi, mimi tu. Akafika dirishani. Niliweka kipaza sauti mezani, na kwa sababu akili zilikuwa zimenihama, sikukizima.

"Mama," nikasema, "kumbe ni wewe?"

Na bustani yote ikasikia, kutoka kwa kila spika iliyofungwa kwa kila mti, Mama, kumbe ni wewe.

Sikujua. Nilijua tu kwamba ghafla kumekuwa kimya, nikadhani ni masikio yangu. Nilishika ile tishu nimpe haraka haraka, lakini mlango wa nyuma ukafunguka na Madam Wairimu akaingia, amenuna, alikuwa amekuja kwa sababu ya mizaha yangu, akanikuta namkabidhi mtu kitu bila maelezo yoyote. Akauweka mkono wake juu ya tishu. Akauliza kama mgeni ameeleza kitu chake. Nikamwambia kwa sauti ya chini (chini ya nini, na spika zote zile) kwamba madam, tafadhali, huyu ni mama mkwe wangu.

Madam Wairimu akamsalimia kwa adabu, kisha akasema hiyo ndiyo sababu zaidi ya kufuata sheria, kwa sababu watu wakiona tunapeana vitu kwa jamaa zetu tutaulizwa. Akamgeukia. "Pole sana, mama. Tuelezee tu yanavyofanana, uende nayo."

Mama mkwe akashusha leso kidogo, na kwa sauti iliyokuwa inavuja upepo kila penye "sh" au "f", akasema polepole, kama anayetoa ushahidi kortini: "Ni ya juu. Ni matatu ya mbele. Na waya wa upande wa kushoto umepinda, niliupinda na mfupa."

Hapo ndipo nilipoona taa nyekundu ya kipaza sauti. Nilikirukia nikakizima, nikaangusha kiti, na ule mlio wa kuzima ukasikika bustani nzima kama mlango unafungwa. Nje mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Nadhani alikuwa na nia njema. Wengine wakafuata, wakapiga wote, mpaka wale watoto wa treni ambao hawakujua wanapigia nini.

Mama mkwe akapokea tishu, akatugeuzia mgongo, akajirekebisha ndani ya leso, akageuka mtu kamili. Akamshukuru Madam Wairimu. Kisha akaniangalia.

"Baba Sharon," akasema, "una sauti nzuri. Hata kule chooni nilikokuwa nimejificha imenifikia yote."

Akaenda zake.

Madam Wairimu hakunifokea, na hiyo iliniuma zaidi. Aliniambia tu nipeleke vitu vyangu kwa Odhiambo, kwamba kuanzia siku hiyo nitakuwa naokota chini ya Meli, mahali ambapo hakuna kitu cha kuongelea. Jioni tulirudi Woodley sisi wote. Mke wangu alinipakulia ugali akauweka mezani kama anayeweka mzigo wa mtu mwingine. Mama alikula, akaomba, akamwimbia Sharon akalala, na kesho yake asubuhi akapanda basi la nyumbani ingawa alikuwa amesema atakaa mwezi mzima.

Mke wangu hakuwa na hasira ya kelele. Alikuwa na uchungu kwamba mama yake alimficha kitu hicho miaka yote ili asionekane mzee, na siri yake imejulikana na watu wa Nairobi kabla yake yeye. Ilibidi nimchukue baba mdogo, twende naye nyumbani kwa wakwe kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu, kisha akaomba nirudie lile tangazo la kwanza jinsi nilivyolisema. Nikarudia, mbele ya mashemeji zangu wote, nikitazama chini. Mzee akajitahidi sana asicheke, akashindwa. Kutoka jikoni, alikokuwa mama, sikusikia kitu, ila chai ililetwa, na ya kwangu ilikuwa na sukari, nikajua angalau sitalala nje.

Mama alikaa sana bila kuja Nairobi tena. Alikuja Sharon alipobatizwa, nikaenda kumpokea kwa gari la rafiki yangu, nikambebea mizigo, nikaongea naye barabara nzima kuhusu mvua tu. Tulipofika nyumbani na watu wamejaa sebuleni, majirani, wachungaji, ndugu wa pande zote mbili, alikaa kidogo, kisha akainuka akanijia mlangoni.

"Baba Sharon," akaninong'oneza, "kuna kitu changu nimesahau kwa gari. Usiniulize ni nini. Kilete tu."

Nikaenda. Kilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kimefungwa kwa kitambaa, kidogo, chepesi. Nikakiingiza ndani ya koti, nikapita katikati ya watu wote wale nikiwa nimefunga mdomo, nikamkabidhi, na mpaka leo sijui kilikuwa nini na sitaki kujua.