Mwaka Ambao Mume Wangu Alionywa

Mume wangu ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tunaishi Nyegezi. Siku moja alirudi kutoka kazini akicheka peke yake. Mzee mmoja wa Usagara alikuwa amemshitaki jirani yake baada ya ng'ombe kuingia shambani. "Mheshimiwa, ng'ombe wamekura mahindi yangu yote," mzee alisema. Mume wangu akamuuliza mbele ya watu, "Walipiga kura? Wakamchagua nani?" Mahakama nzima ikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. "Baba yangu naye husema hivyo hivyo," nilimwambia. "Akija kwako na kesi, utamcheka?"

Alivua viatu. Lakini kesho yake alikirudia kisa kile baa, na aliyekuwa akiwanunulia wote bia ni yule jirani mwenye ng'ombe. Mume wangu alimtambua, na hakuinuka.

Habari zikamfikia mzee, akaenda kulalamika kwenye kamati ya maadili ya mahakimu wilayani. Mume wangu akaitwa. Nilimpigia pasi shati jeupe. Chai aliiacha ikapoa.

Aliporudi alikuja kukaa jikoni, mahali asipokaa kamwe, akanisimulia. Mzee aliongea bila hasira. Alisema, "Shamba nitalima tena. Ila mimi nilikwenda kwa hakimu, sikwenda kuchekwa." Mume wangu alikuwa amejiandaa kusema ulikuwa utani tu. Akaona haya, akakiri yote, pamoja na ile bia.

Walimpa onyo kali, na kesi akapewa hakimu mwingine. Watu walinipa pole, nami nikaitikia, lakini moyoni nilipata nafuu. Nilikuwa nimeanza kumwogopa yule mtu aliyekuwa akija nyumbani na vicheko vyake.

Alitaka kwenda kuomba radhi siku ileile. Nikamwambia asubiri kesi iishe, watu wasije wakasema anamrubuni mzee. Ilipoisha, tulikwenda wote wawili. Tulimkuta na mkewe wanaanika mihogo.

"Shikamoo baba," mume wangu alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea kazini, nikakukosea tena nje ya kazi."

"Marahaba." Mzee aligeuza vipande viwili vitatu vya mihogo kabla ya kuendelea. "Yule mwenzako hakunipa vyote nilivyodai. Lakini alinisikiliza mpaka nikamaliza. Karibuni mkae."

Mkewe alituletea viazi vitamu na maziwa ya mgando. Mimi na yeye tukaongea Kisukuma mpaka jua likapoa, huku wanaume wakibishana kuhusu mvua.

Siku hizi mume wangu akitoka kazini anabadili nguo, tunashuka ziwani kununua sato, na njiani ananiuliza habari za wanafunzi wangu. Marafiki zake wawili wa baa wamemsusa. Sijamsikia akiwataja.