Vijiko vya Japani vya Susu Yangu

Mjomba alivileta vijiko dukani vikiwa vimefungwa kwa kitambaa cha meza, amevishika kama mtu aliyebeba mayai. Yeye ni kaka mkubwa wa mama yangu na mzee wa kanisa kule Tawa. Mimi ni sonara mjini Kitui, katika duka la familia moja ya Kiislamu yenye asili ya pwani. Alitaka nivisafishe, kisha niandike kikaratasi cha kueleza vilitengenezwa lini. Shule moja ya Tawa iliandaa maonyesho ya kuwakumbuka askari wetu waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na babu yangu alikuwa mmoja wao.

Hadithi ya vijiko hivyo tuliijua sote. Ofisa wa Kijapani aliyetekwa, kiu ikimkausha koo, alimpa babu vijiko vyake vya fedha ili apewe maji. Babu aliwasimulia wageni mpaka akafa. Mimi niliyelelewa kwake Kalamba ningeweza kuisimulia hata usingizini.

Nilivipaka dawa ya kung'arishia, nikavisuuza, nikageuza kimoja chini ya kioo cha kukuzia. Nyuma ya mpini kulikuwa na herufi mbili za Kijapani zilizobanana. Sonara mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amenionyesha herufi hizo zamani: maana yake ni fedha safi. Hazikunipa umri, kwa sababu Wajapani walizipiga kabla ya vita na baada yake. Kando yake kulikuwa na alama ya fundi, jani ndani ya duara, ambayo sikuijua. Chini kabisa palikuwa na mstari wa herufi za Kizungu zilizolika. Nilielekeza taa, nikasoma: OCCUPIED JAPAN.

Nikachukua kijiko kingine, na kingine, nikiomba nione tofauti. Vyote vilisema vilevile. Maneno hayo yalipigwa kwenye bidhaa za kuuzwa nje kwa miaka michache tu, Japani iliposhindwa na kukaliwa na majeshi ya wageni. Wakati huo babu alikuwa amesharudi Ukambani, anachimba matuta shambani.

Jumapili nilienda Kalamba. Susu, mke wa babu, alikuwa barazani akibambua mbaazi. Macho yalikuwa yamemfifia lakini vidole havikukosea.

"Susu, vile vijiko babu hakuvitoa vitani, sivyo?"

Aliendelea kubambua. "Nani amekuambia?"

"Vimeandikwa nyuma."

"Kumbe vimeandikwa." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Vilikuwa vyangu, mwana wakwa. Nilikuwa nalea mtoto wa mama mmoja mzungu huko Nairobi. Wangu nilimwacha hapa na mama mkwe, bado ananyonya. Nikaletewa habari anaharisha. Nikaomba ruhusa. Yule mama akaniambia ana wageni, nisubiri wageni waondoke."

Nilimuuliza kama alisubiri.

"Ningeenda wapi? Nilipofika hapa walikuwa wameshamzika, pale chini ya miembe. Niliporudi kazini akanipa vijiko. Kaka yake alikuwa askari, alivinunua Japani. Akasema, 'Pole, ayah.' Mimi sijawahi kula navyo hata siku moja."

"Na babu?"

"Babu yako alirudi kutoka vitani mikono mitupu. Wageni walimuuliza ameleta nini. Siku moja akawaonyesha vile. Nilikuwa nimesimama hapo na chai. Ningesema nini?"

Nilimpelekea mjomba vijiko, na kikaratasi kikisema ukweli: vilitengenezwa baada ya vita. Nikamweleza na mengine. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Unamwita babu yako mwongo?"

"Burma alienda, mjomba. Hilo hakuna anayelikataa. Lakini vijiko ni vya susu."

"Susu ni mzee, anachanganya mambo. Na wewe tulikupa kazi ya kusafisha."

Maonyesho yalifanyika. Vijiko vilipangwa juu ya kitambaa chekundu na kikaratasi kipya, mwandiko wa mjomba, kilichosema vilipatikana vitani. Susu aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, akavishwa leso mpya, akapigiwa makofi kama mjane wa shujaa. Mwalimu alimwekea kijiko kimoja mkononi ili apigwe picha. Alikishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili, mpaka mtu akakichukua.

Alifariki mvua zilipoanza. Kwenye mazishi, nyumbani Kalamba, binamu yangu alisoma wasifu wake: mke mwaminifu wa askari, mhifadhi wa kumbukumbu zake. Kisha akasoma majina ya watoto, akianza na mjomba, "kifungua mimba wake."

Nilisimama. Nikasema susu alikuwa na mtoto kabla ya mjomba, msichana, na amezikwa papa hapa chini ya miembe. Nikataja jina lake kama susu alivyonitajia siku ile barazani. Watu waligeuka kunitazama, wengine wakatazama miembe. Mama yangu alinivuta sketi. Mchungaji akasema, "Tuimbe," na kwaya ikaimba, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku hiyo mjomba akipita Kitui hupita upande mwingine wa barabara. Miembe ile ilizaa vizuri mwaka huu. Watu wa nyumbani walivuna maembe, wakaniletea mfuko mmoja kupitia kwa mama. Niliwapa majirani yote, sikula hata moja.