Mungu wa Uyoga Amekula Kwangu

Leo wajukuu wameniambia nimekufa. Nimekataa.

Tulikuwa hapa nyumbani Bakoba tunacheza ule mchezo wao wa kujifanya mashujaa na kurusha dadu. Alinda ndiye msimulizi. Akasema pangoni kuna adui, nusu mungu, mwili mzima umeota uyoga. Ndugu zake wa mbinguni walimfukuza wasije wakaambukizwa.

"Tumchome moto!" Koku akapiga kelele.

Zamu yangu ikafika. Nikauliza, "Huyo anapikiwa na nani?"

Hakuna aliyewaza hilo!

"Basi nampelekea ndizi na maharage. Tutakula kwenye jani moja la mgomba."

"Bibi, huyo ni adui! Haya, rusha dadu."

Nikarusha. Ikatoka moja, namba mbaya kuliko zote.

Alinda akashusha sauti. "Umeambukizwa, Bibi. Umekufa."

Waitu, jamani, nilicheka peke yangu.

Miaka ile vita vya mpakani vilipokwisha, ukimwi ukatuingilia kule Muleba. Dada yangu alipougua, watu walimwogopa, wakamjengea kibanda mwisho wa migomba. Nilikula naye jani moja mpaka siku yake ya mwisho. Majirani wakanihesabu maiti.

Wengi wao nimewazika mimi.

Nikawaambia wajukuu hivyo hivyo.

Alinda akaifunika dadu kwa kiganja. "Mungu wa uyoga," akasema, "anauliza maji ya kunawa yako wapi."

Nyie mngemchoma? Semeni ukweli, Koku atanisomea majibu yenu.

Ila maji nimeshampa.