Neno Moja la Ngenge

Mke wangu ndiye aliyegundua. Nilimwita kutoka migombani aniletee panga, akatoka jikoni mikono mitupu.

"Vimerudi," alisema. "Na posa ya kule Ngenge je?"

Nikabisha. Alipoisikia sauti niliyobishia, hakuuliza tena.

Vilivyorudi ni vinyama. Ndani ya koo kuna mikunjo miwili ambayo hukutana na kutetemeka tunaposema. Yangu ilikuwa imeota vinyama vidogo kama koliflawa, ikawa haifungani vizuri, na nusu ya pumzi ikapita bure. Miezi michache nyuma, katika hospitali kubwa nje ya mkoa, daktari alivichoma kwa mwanga wa leza. Nilipata sauti safi, na nikapewa jukumu la kusema kwa niaba ya ukoo siku ya kupokea posa ya binti wa marehemu kaka yangu, huko Ngenge.

Hapa Ijuganyondo sababu ya vinyama kurudi ilijulikana kabla sijarudi kwa daktari. Baada ya upasuaji nilikuwa nimekatazwa kusema kwa siku kadhaa, hata kunong'ona. Nilining'iniza shingoni kipande cha boksi: "Nimekatazwa kusema." Madukani Miembeni kilitosha. Lakini karibu na nyumbani nilikutana na bibi jirani asiyejua kusoma. Aliniuliza kwa Kihaya nimeamkaje, akasimama. Kwetu salamu haiachwi njiani. Huulizwa usiku, watoto na ng'ombe, na kila swali hungoja jibu lake. Niliinamisha kichwa. Akangoja. Nikanong'ona majibu yote, mpaka la ng'ombe.

Kwa hiyo majirani walisema ni ile salamu. Bibi mwenyewe alileta mkungu wa ndizi, akakaa karibu na mlango, akauliza kama ni yeye aliyevirudisha. Nilibeba swali lake hadi kwa daktari.

"Kunong'ona kunachosha koo, na nilikukataza," daktari alisema. "Lakini vinyama hivi huletwa na kirusi. Leza inachoma kinachoonekana. Kirusi hubaki kwenye ngozi inayoonekana nzima. Mwambie bibi alale usingizi."

"Vitarudi tena?"

"Huenda. Tutavichoma tena. Kwa wengine hutulia baadaye."

Nilifikiria gugu la lumbugu shambani, nikaona mfano haufai. Lumbugu ukiichimba kwa bidii unaweza kuimaliza. Hapa bidii yangu haikuwa na kazi. Wewe unayeugua kama mimi, lishike hilo: vinyama kurudi si uzembe wako.

Upasuaji wa pili ulipangwa baada ya siku ya posa. Nikamwambia dada yangu, shangazi wa binti, kwamba sitaweza kuzungumza na wageni, na kwamba neno la kukubali halina mtu mwingine wa kulitoa. Baba wa binti akiwa hayupo, hulitoa ndugu yake wa kiume. Bila hilo, wageni wangerudi na posa yao.

"Basi wewe kaa," alisema. "Mimi nitasema. Nikikosea, gonga fimbo. Hilo neno lako litunze, usimpe hata mbuzi."

Nililitunza wiki nzima. Siku ya posa, kule Ngenge, wageni walipewa kahawa ya kutafuna, dada yangu akaanza. Niligonga fimbo alipoutaja ukoo wao akaruka kizazi kimoja; akaurekebisha bila kugeuka.

"Mzee wenu anatutisha," msemaji wao alisema. "Au binti hamtaki kumtoa?"

"Anawapima," dada yangu alijibu. "Kaeni wima."

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Binti alikuwa mlangoni, ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Nilivuta pumzi jinsi nilivyofundishwa, taratibu, nikasema, "Tumekubali."

Ilitoka kama jani kavu la mgomba linaloburutwa. Wageni wa mbele waliinama kusikiliza. Wa nyuma wakaulizana, "Amesemaje?"

"Amesema tumekubali," dada yangu alisema. "Mkitaka arudie, mngojeni atoke hospitali."

Binti alikuwa ameshaiachia kanga. Yeye alikuwa amesikia.