Mswaki wa Nne

Katika fleti ile ya Troyeville, mtaa wa Joburg, tulilipa kodi kwa vichwa. Mzee aliyetupangisha hakuwa mwenye nyumba. Naye alikuwa mpangaji tu. Aligawa sebule na korido kwa mapazia, sisi ndugu watatu tukapata kipande cha sebule, akajiwekea chumba chenye mlango, akajiita baba wa wote. Kanisani kwetu, juu ya duka la zamani la samani huko mjini, alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani alikuwa mhesabu miswaki.

Nasema kweli. Kutuuliza tuko wangapi kulimshinda. Kila mwisho wa mwezi aliingia bafuni, akainamia makopo yetu kama daktari, akatoka na idadi.

Mwezi ule kodi ilikuwa imepanda tena. Eneo limepata hadhi, alisema, kwa sababu pale kona ya robot, kwenye taa za barabarani, wamefungua duka la kahawa. Panya wa kwenye ngazi hawakuwa na habari hiyo, wala lifti, iliyokuwa imekufa tangu tuhamie. Nilikubali. Nilikuwa nashona sketi za shule kwenye karakana mjini, nikijua zamu za ziada zingetosha. Ndipo akaja na kopo letu mkononi.

"Miswaki ni minne. Nyinyi ni watatu. Wa nne mmemficha wapi?"

"Huo ni wa kusugulia viatu, Papa."

"Viatu vina meno?"

Mdogo wangu wa kiume alicheka. Mzee hakuwa anatania. Kichwa cha nne kilipiwe, akasema, au mmoja wetu apungue. Tena alikuwa ameshatufikiria, kwa wema wake: kuna mama mmoja Soweto mwenye spaza, kiduka cha mtaani, anatafuta msichana wa kukaa dukani, chakula na malazi juu yake. Mdogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari.

"Shule ataendelea baadaye. Wewe uliacha, na unaishi."

Niliacha ili hao wawili wasiache. Alilijua hilo, ndiye aliyeongoza maombi tulipowazika wazazi wetu.

"Haendi," nikasema. "Tupe roshani, nafasi yetu ya sebuleni wape wengine."

Akatupatia, kwa kodi ileile ya sebule, na siku hiyohiyo akaingiza familia nyingine nyuma ya pazia letu. Tuliziba upepo kwa plastiki na kadibodi, tukapanga magodoro mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri.

Jumapili alisimama kutoa ushuhuda. Maisha ya Joburg ni ghali, alisema, lakini Mungu amempa moyo wa kutunza yatima. Watu wakapiga makofi. Akatuelekezea mkono.

"Wasimame muwaone."

Mdogo wangu wa kike alianza kunyanyuka, maana kanisani ukiitwa unasimama. Nilimshika sketi.

"Yaya," akaninong'oneza, kwa jina letu la ndugu mkubwa, "wanatungoja."

"Wangoje."

Mzee akarudia kwa Kifaransa, lugha tuliyotoka nayo kwetu, kana kwamba shida ilikuwa lugha. Tulibaki tumekaa, wote watatu, mpaka mpiga kinanda akamwonea huruma akaanza wimbo.

Nje mzee aliniambia nimemwaibisha, na kwamba hata roshani ina watu wanaoitaka.

"Walete waione, Papa," nikasema. "Waje asubuhi, kukiwa na baridi."

Alileta wawili. Wote walitazama kadibodi, wakamtazama yeye, wakashuka ngazi. Mdogo wangu wa kike alisoma palepale majira yote ya baridi, amevaa glavu, na mitihani akaifanya.