Moshi wa Kinyesi cha Tembo

Mwaka ule mafuriko yalisomba mpunga wote wa Mbuchi, tukala ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mpaka kuku wakaususa. Maji yalipopungua mbu wakajaa, na mjukuu wangu wa kwanza akashikwa na degedege.

Kwetu tuliamini mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Dada yangu alileta kinyesi cha tembo kutoka Mloka, tukakichoma, tukamfukiza mtoto. Nesi wa zahanati, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye homa, akatukuta tunakohoa kwenye moshi.

"Bibi, nipe mtoto nikampime damu."

"Mjukuu wangu haondoki hapa!"

"Basi nami siondoki." Akaketi mkekani, akawa anampangusa kwa kitambaa cha maji. Nikatoka, nikaingia, nikatoka tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtoto akakakamaa mara ya pili, na moshi umejaa chumba kizima. Nikamnyakua, nikakimbia naye mwenyewe hadi mtumbwini, nesi nyuma yangu.

Zahanati wakamtoboa kidole, wakapima damu, wakaona malaria. Walipomchoma sindano nilifumba macho. Kesho yake akaomba uji.

Mchana dada yangu akatokea na furushi lake la kinyesi.

"Siku tatu za kufukiza hazijatimia, mwanamke wewe! Unataka kumuua? Mrudishe nyumbani."

Nikakaa kitandani, mtoto mapajani.

"Mjukuu wangu haondoki hapa!"